Panda Nyasi Baharini Ukitaka, Lakini Kikande Mshampeleka Wapi?

Kila mwaka kusi ikianza kuvuma, kuanzia Aprili hivi kwenda mbele, zile picha huanza kuzunguka mitandaoni. Ufuo wa Pirates hapa Mombasa umechafuka. Bamburi imechafuka. Mwani umejaa mpaka kwenye ngazi za hoteli, inzi, harufu, watoto hawawezi kuoga, kaunti iko wapi, na hakosekani mtu wa kusema ati zamani haikuwa hivi. Zamani ilikuwa hivi hivi na pengine zaidi. Lile rundo la kahawia mnaloliruka mkienda majini si taka ya mtu, ni majani ya nyasi za baharini ambayo mawimbi ya kusi yameyang'oa huko kati ya ufuo na mwamba na kuyatupa nje, na mengi yatarudi majini yenyewe au yatabaki pale kushikilia mchanga usiliwe. Mie rundo halinitishi. Mwaka ambao kusi itavuma mpaka ichoke na ufuo wa Bamburi ubaki mweupe pepepe, huo ndo ntaanza kuuliza maswali. Na swali la kwanza litakuwa la kikande, yule samaki mnaomdharau, na kwa nini tunakimbilia kupanda nyasi kabla ya kumuulizia yeye.

Manake majani yanatoka mahali. Ukipita pale maji yanapokupwa siku za bamvua, ukatembea kwenda mwambani, unakanyaga shamba zima bila kujua. Hizi nyasi si ule mwani wa kamba wanaolima akina mama wa Kibuyuni, ule ni kitu chengine na ntaufikia. Nyasi zina mizizi, zina maua, zinatoa mbegu, ni mmea kamili ulioamua kuishi chini ya maji ya chumvi. Kenya zimehesabiwa aina 12. Ile inayotawala huku kwetu kwenye mawe na mchanga mgumu jina lake la kitaalamu ni Thalassodendron ciliatum, ina shina gumu jembamba lenye pete pete za makovu, majani yote yamejikusanya juu, na mtoto wake huchipua akiwa bado kashikana na mama kisha ndo anaachia na kwenda na maji, ile tabia ya mkoko kabisa. Sasa mmea wenye mambo hayo haukui haraka.

Mie sikuingia haya mambo kwa kupenda sayansi, niliingia kwa karai. Mamangu ni mama karanga, amekaanga samaki Majengo tangu mie sijazaliwa, ada ya shule yetu yote imetoka kwenye yale mafuta. Na samaki wa mama karanga si nguru wala jodari, hao wana wenyewe. Wa kwetu ni tafi, pono, changu wadogo, basi. Ukichukua hesabu za wavuvi wadogo wa pwani ya Kenya, hao hao ndo wanaojaza ngalawa kuliko wengine wote, na tafi na yule pono wa nyasi wanaishi kwa kula hizo nyasi na vitu vinavyoota juu yake. Changu naye utotoni hujificha humo humo. Ndo maana mvuvi wa dema, ule mtego wa kusuka kwa fito, hutia mwani ndani ya dema kama chambo, hahitaji kuambiwa na mtu nani anakula nini. Mamangu hajawahi kuvaa miwani ya kuzamia hata siku moja, lakini muulize hali ya bahari atakupa ripoti kwa kumuangalia tafi tu. Zamani tafi mmoja alikuwa anampiga kisu vipande viwili, kipande cha kichwa na kipande cha mkia, kila kimoja na mteja wake na kila mteja na ugomvi wake. Sai tafi anaingia karaini mzima, na akitoka anauzwa mzima, na mteja anauliza mama huyu ndo tafi au ni mtoto wake. Bei haijashuka. Wale wakubwa wakitokea tajiri keshawachukua pale pale bandani kabla mama hajateremka kwenye tuktuk, wanakwenda mahotelini.

Kuna watu wamekaa wakapima hii hasara kwa picha za setilaiti, wakalinganisha 1986 na 2016, wakakuta nyasi za Kenya zimebaki kama kilomita za mraba 317 na kwamba kwa hiyo miaka 30 tumepoteza asilimia 21. Na kasi haikuwa moja, baada ya 2000 ilizidi. Yaani katika kila shamba tano moja limekwenda, na wala hakuna aliyeandamana, kwa sababu msitu ukikatwa unaona visiki, ila bahari ukiitazama kutoka bustani ya Mama Ngina jioni na mihogo yako ya kukaanga iko bluu vile vile.

Sababu ziko nyingi na kila mtu ana yake anayoipenda. Kuna juya, lile la kuburuta chini na kuzoa kila kitu mpaka mayai, lilipigwa marufuku Kenya tangu 2001 na hadi leo nikikwambia sijaliona likivutwa ntakuwa nakudanganya. Kuna nanga za boti. Kuna udongo unaoshuka na mito, nendeni Malindi msimu wa mvua muone Sabaki inavyoigeuza bahari chai. Kuna uchimbaji wa mchanga na ujenzi wa bandari, na hapo angalau Lamu tuliona mahakama ikisema kitu, mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliagiza wavuvi wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya ile bandari mpya. Binadamu anaweza kudai fidia. Nyasi zenyewe hazina wakili.

Lakini mie kuna sababu moja imenikaa kichwani kuliko zote.

Nungunungu wa baharini. Si yule mweusi wa miiba mirefu anayewachoma watu Nyali wakalia hospitali, huyu ni mwengine, mnene wa mviringo, miiba mifupi, mara mweupe mara wa rangi ya chungwa, anajibandika vipande vya majani mgongoni utadhani anajificha jua. Wataalamu humuita Tripneustes gratilla. Kazi yake ni kula nyasi, na kula si dhambi, tafi anakula, kasa anakula, hata nguva enzi zake alikuwa anakula. Shida ni wakiwa wengi. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walianza kuripoti maeneo mapana Diani na sehemu nyengine za pwani, na hapa Mombasa ndani ya mwamba pia, ambako hawa viumbe walikusanyika wakala mpaka wakamaliza. Nilipoingia kwa miwani upande wa Bamburi niliona ule mpaka wenyewe kwa macho. Upande mmoja nyasi zimesimama, kijani, zinacheza na maji, kuna vipono vidogo vinapenya humo rangi ile ile ya majani humuoni mpaka ageuke. Katikati ni wao, wamebanana ubavu kwa ubavu kama abiria wa feri saa kumi na mbili jioni, wanakula. Nyuma yao ni vijiti. Mashina matupu meusi yamesimama wima bila jani hata moja, mengine yamekwisha kuoza, ukiyagusa yanakatika, na baina ya vijiti ni mchanga mtupu na samaki hakuna. Nilikaa pale juu nikielea mpaka miwani ikaingia maji. Jambo lililonichoma ni kuwa hapakuwa na kelele yoyote. Hakuna juya, hakuna boti, hakuna wa kumshtaki.

Sasa kwa nini wamekuwa wengi? Hapa ndo tunamfikia kikande.

Kikande mnamjua. Yule samaki mgumu, bapa, ngozi ya kuchuna kwa kisu na matusi, ana meno ya mbele kama ameyaazima, na mwiba mgongoni ambao akijibana kwenye tundu la jiwe akaufyatua humtoi. Kuna mmoja kijani mwenye mistari ya chungwa, mzuri wa kutazama, hovyo kwa bei. Wavuvi wa mshipi hawampendi kwa sababu anaiba chambo, watoto wanamvua kwa mchezo, na akiingia kwenye dema anatolewa anatupwa kwenye fungu la mwisho. Huyu mdharauliwa ndiye mla nungunungu mkuu wa miamba yetu. Niliwahi kumuona akifanya kazi, ndani ya park, ile hifadhi ya bahari ya Mombasa, na niseme ukweli lilikuwa onyesho. Anamkaribia yule wa miiba, anapuliza maji kwa mdomo chini chini mpaka anampindua, akishapinduka ule upande wa chini hauna miiba ya maana, anamng'ata pale pale. Ganda linavunjika, na mara samaki wadogo wamejaa kugombania makombo. Biashara imekwisha dakika moja.

Kuna mtafiti anaitwa Tim McClanahan, amekaa hapa Mombasa akihesabu samaki na nungunungu wa pwani ya Kenya tangu miaka ya 80, na alichokikuta akikirudia tena na tena ni rahisi hata kumueleza mtoto. Pale palipovuliwa sana vikande hawapo na nungunungu wamejaa. Pale palipofungwa, vikande wapo na nungunungu ni wa kutafuta. Park yetu ya Mombasa ilitangazwa 1986, uvuvi ndani yake ukaja kuzuiwa kikweli kweli mwanzoni mwa miaka ya 90, kwa hivyo wamepata kuitazama ikipona kidogo kidogo, na kikande si katika wale waliorudi haraka. Kwa samaki wote kwa jumla, kurudi kwenye uzito wanaokuwa nao pale pasipovuliwa kunachukua karibu miaka 20. Kuna pia wale makome wakubwa wanene wa kuuziwa watalii, waliokuwa wamepangwa mezani kila ufuo kuanzia Shelly mpaka Malindi. Na wao pia walikuwa wanakula nungunungu. Tukawauza wakawa mapambo ya vioo sebuleni Ulaya.

Nayasema haya kwa sababu siku hizi kupanda nyasi kumekuwa habari, na mie mwenyewe nimepanda. Si jambo baya hata kidogo. KMFRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari na uvuvi, ambao ofisi zao ziko hapa hapa Mkomani, wamekuwa wakijaribu njia za kuzirudisha kwa miaka sasa, na Dkt. Jacqueline Uku ni katika wale waliozitafiti nyasi hizi tangu wengi wetu hatujui kama zipo. Njia moja iliyojaribiwa ni ya gunia. Unachukua gunia la kawaida la katani, si lile la plastiki, unalilaza chini kwenye mchanga pale nyasi zilipokufa, unalibana na vigingi, kisha michipuko inashikizwa humo. Gunia linazuia mchanga usihame na mche usichukuliwe na mkondo, na likianza kuoza mizizi inatakiwa iwe imeshapata pa kushika. Kwenye karatasi ni hivyo. Chini ya maji kwenye mita mbili tatu, mkondo unakusukuma, mkono mmoja unashika kigingi mwengine unashika gunia na huna wa tatu wa kujishikia mwenyewe, mchanga umetimka humuoni mwenzako, na ule mche ulioupandikiza kwa adabu zote unachomoka unapanda juu unakupita usoni. Vijana wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo wao, wanaozamia pweza ndo wanaifanya kama mchezo, wanateremka kwa pumzi moja wanapiga vigingi na kupanda. Sisi wa kutoka mjini tulikuwa tunashika kamba na kuhesabu.

Mradi niliokwenda nao siutaji. Tulikuwa na tisheti, tulikuwa na bango, kulikuwa na droni, tulikula pilau. Picha zilitoka nzuri. Na pale pale, hatua chache kutoka kwenye magunia, wale wa miiba walikuwepo wanasubiri. Nilimuuliza mmoja wa waandaaji, hawa je? Akanambia bajeti ni ya kupanda. Ya kuwatoa hawa na kuja kuangalia baadae iko kwenye awamu ya pili, na awamu ya pili inategemea wafadhili. Nilipita tena huko baadae na wale vijana, magunia tuliyaona, miche michache ilikuwa imeshika na ilikuwa na majani mapya, nisiwe muongo. Mingi ilikuwa ni vijiti. Vijana hawakushangaa. Mmoja akasema, "Si walipanda mboga mbele ya mbuzi."

Wenzetu kwengine wameyapitia haya kwa mmea mwengine, na inafaa kutazama. Kaskazini ya California wana misitu ya mwani mrefu sana wa maji baridi, kelpu, unaotoka chini mpaka juu. Kuanzia 2013 ugonjwa ukawaua nyota wa baharini waliokuwa wanakula nungunungu, ikafuatia miaka ya maji moto, na nungunungu wa zambarau wakaachiwa uwanja. Zaidi ya asilimia 90 ya ule msitu ikaondoka ndani ya miaka michache, na uvuvi wa abaloni, yule konokono mkubwa wa baharini wa kuliwa, uliokuwa unaleta watu na pesa ukafungwa 2018. Mla nungunungu ameondoka, nungunungu amemaliza shamba, mvuvi amekosa kazi. Badilisha nyota weka kikande, umefika Diani.

Halafu kuna Sussex, kusini ya Uingereza. Kelpu yao ilipungua kwa zaidi ya asilimia 96 tangu 1987, mwaka wa dhoruba kubwa, na baada ya dhoruba zikaja meli za kukokota nyavu hazikuipa nafasi ya kunyanyuka. Walichofanya mwaka 2021 si kupanda. Walipiga marufuku nyavu za kukokota kwenye kilomita za mraba 304 karibu na pwani. Kwanza acheni, kisha tuone bahari yenyewe itafanya nini. Kelpu inakwenda pole pole, lakini kome na samaki wameanza kuonekana wakirudi.

Na ili nisionekane napinga kupanda, kuna Virginia, Marekani. Hawa walipoteza nyasi zao miaka ya 1930, ugonjwa kisha kimbunga cha 1933, na kuna ghuba za upande wa bahari kuu zilikaa karibu miaka 70 bila hata jani. Kuanzia 1999 wakaanza kumwaga mbegu, wakamwaga zaidi ya milioni 70 kwa miaka 20 hivi, na leo wana kama hekta 3,600 za nyasi na samaki wake. Huo ndo mfano ambao kila mradi huuweka kwenye slaidi ya kwanza. Ila slaidi haisemi kuwa kilichoziua zile nyasi kilikuwa kimeshaondoka zamani. Ugonjwa ulipita, maji yalikuwa masafi, hapakuwa na mtu wa kuzila. Zilikosa mbegu tu. Sisi mbegu si shida yetu kubwa, shamba la mama lipo pale upande wa pili wa mpaka linatoa watoto kila mwaka. Shida yetu aliyeua bado yuko mezani anakula.

Kwa hivyo ukiniuliza pesa ziende wapi, ntakwambia ziende kwanza kwenye kufunga, kisha kwenye kuwatoa nungunungu kwa mkono pale walipozidi, na magunia mwisho, kwa ajili ya zile sehemu ambazo hata mchanga umeshahama. Najua kufunga si neno tamu. Ami yangu alikuwa anavua Bamburi kabla ya park na mpaka leo ukimtajia park anabadilika rangi. Aliamka siku moja akaambiwa pale babake alipotega dema si pake tena, na boti za vioo za watalii zikaanza kupita juu yake. Hakuna aliyemlipa. Hilo halijasahaulika, na ukienda banda lolote la samaki kusema neno hifadhi ujue unaongea na watu wenye hiyo kumbukumbu. Miaka 20 ya kungoja bahari ipone ni maisha yote ya uvuvi ya mtu, mwenye 45 leo hatofaidi yeye, atafaidi mwanawe kama mwanawe hajakwenda kuendesha bodaboda.

Kule palipofanikiwa wenyewe ndo walioamua. Kuruwitu, Kilifi, katikati ya miaka ya 2000 wavuvi na wazee walikaa wakafunga kama hekta 30 kwa hiari yao, tengefu, hakuna kuvua. Samaki walirudi na wanatoka nje ya mpaka, wavuvi wanawasubiri pale pale pembeni. Gazi nako Mikoko Pamoja tangu 2013 wanauza kaboni ya mikoko, yaani wanalipwa kwa ile hewa ya ukaa ambayo mikoko inaihifadhi, pesa zinakwenda kwenye maji na shule, na hapo ndo watu walipoelewa kuwa mti uliosimama unaweza kulipa. Nyasi nazo zinahifadhi kaboni, nyingi tu, chini kwenye tope la mizizi. Mie sina imani kamili na biashara ya kaboni, nimeona mikataba ambayo mwenye kijiji hata hajui imeandikwa lugha gani, ila kama kuna njia ya kumlipa mvuvi kwa ile miaka ambayo anaiachia bahari, hiyo ni moja na nzuri zaidi sijaiona.

Na mwani wa kulima? Kibuyuni, Mkwiro, Gazi, Funzi, akina mama wanafunga mbegu kwenye kamba, wanapiga vigingi, wanavuna, wanaanika, wengine wanatengeneza sabuni na juisi. Nawaheshimu sana, kazi ile inavunja mgongo na bei ya kilo ni ya kusikitisha. Lakini tusichanganye. Shamba la mwani halichukui nafasi ya nyasi, na mtu akianza kung'oa nyasi ili kamba zake zipate mahali pasafi, hapo tumetoa kwa mkono wa kulia tukanyang'anya kwa wa kushoto. Pale penye mchanga mtupu pako tele. Wengi wa wale mama wanalijua hili kuliko maafisa wanaowapelekea kamba.

Lipo jambo moja dogo ambalo mie naliona halisemwi vya kutosha, na halihitaji kufunga chochote. Dema lenye upenyo. Wamelijaribu hapa hapa Kenya, McClanahan na mwenzake Mbaru waliandika matokeo 2013. Kwenye kona ya dema unaacha mwanya mwembamba wa kusimama wa sentimita chache, samaki mdogo na yule mwembamba asiye na bei anapita anakwenda zake, tafi mkubwa habanduki. Saizi ya samaki ilipanda. Na mapato ya mvuvi hayakushuka, yalipanda, kwa sababu mkubwa ana bei. Fundi wa dema anaweza kuutia ule mwanya kwa fito zile zile bila kununua kitu, hauhitaji hata mfadhili. Nadhani ndo maana hauna bango.

Nilimpelekea ami hii hoja, kwa sababu bado anasuka dema akiwa na miaka yake sabini na kitu. Akauchukua ule mchoro nilioupiga kwenye simu, akauangalia, akasema hii si mpya, babu yao alikuwa anaacha tundu kwa ajili ya watoto wa tafi. Sawa, nikamwambia, basi rudisha. Akasema ntarudisha. Nikaongeza, na kikande je, maana kikande ni mpana hatopita pale, akiingia umtoe umrudishe majini mzima? Akanitazama.

"Kikande n'mrudishe?"

"Ndio ami."

"Halafu kesho aje anile chambo changu cha mshipi?"

Nikamueleza habari ya nungunungu, ya vijiti vyeusi, ya California, ya mamangu na karai lake. Alisikiliza yote mpaka mwisho, akamaliza kufunga fito aliyokuwa anaifunga, akasema huko BMU watapeleka azimio la kikande kwenye mkutano wa mwezi ujao kama na wale wa juya wa upande wa pili watakuja kukaa kwenye kiti waseme wanarudisha nini.

Ameshaniambia niandike barua ya kuwaita. Niko naiandika.